Aliyekunywa wa Mwisho

Kila Jumamosi Lornah aliamka mapema, akachota maji bombani, akafua sare yake ya shule na kuianika kwenye kamba waliyotumia pamoja na majirani. Mama yake, Peres, alikuwa msusi kule Kenyatta Market, na Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yake ya wateja wengi, kwa hiyo kazi za nyumba zilimwangukia Lornah. Alipomaliza, alioga, akachukua Biblia yake, akapanda kilima kwenda kanisani kwa darasa la kipaimara. Ilikuwa mwaka wa 2005, na yeye alikuwa darasa la saba.

Mara nyingi njiani alimkuta Mchungaji Isaiah Kihara. Mchungaji alikuwa mtu mrefu mwenye nywele nyeupe. Alikuwa amehudumu hapa Kangemi tangu wazazi wa wanafunzi wake walipokuwa vijana. Hakuwa na gari. Alipanda kilima kile kwa miguu, na kwenye kila lango alisimama.

"Bwana asifiwe, Mama Mwaura! Yule ng'ombe amezaa?"

"Amen, Mchungaji. Bado anatutesa."

"Mwambieni namwombea," alisema, na watu wakacheka. Kisha alibaki pale kwa muda, mkono mmoja juu ya nguzo ya lango, mpaka watoto wenye haraka wakampita.

Jumamosi moja aliwafundisha juu ya Ushirika Mtakatifu. Aliwaonyesha kikombe cha fedha ambacho kanisa lote lilikinywea, na kitambaa cheupe cha kukipangusia.

"Na ile divai inayobaki humwagwa wapi?" aliuliza Shiku, rafiki yake Lornah.

"Haimwagwi. Nyote mkishakunywa, mimi hunywa wa mwisho. Hunywa mpaka tone la mwisho."

"Ndiyo maana miguu ya Mchungaji imenenepa!" Shiku alisema, na darasa zima likaangua kicheko.

Mchungaji aliitazama miguu yake, ambayo kweli ilikuwa imefura juu ya viatu. Naye akacheka. "Miguu ni ile ile, Shiku. Viatu ndivyo vimepungua."

Hilo ndilo lililokuwa darasa lake la mwisho. Siku chache baadaye alipelekwa hospitali moja kule Parklands, naye hakurudi.

Habari zile zilituangukia kama mvua ya mawe. Watu walijaa nyumbani kwake kuanzia asubuhi hadi jioni. Wanaume walisimamisha mahema, akina mama wakapika chai kwenye masufuria makubwa nyuma ya nyumba. Peres alifunga kazi yake sokoni akaenda kusaidia. Lornah alimfuata baada ya shule.

Alimkuta mama yake amechuchumaa mbele ya beseni, akiosha vikombe. Mama Shiku alikuja, akasimama juu yake.

"Dada, wewe pumzika. Hizi kazi tutafanya sisi."

"Sijachoka, Mama Shiku."

"Pumzika tu," Mama Shiku alisema tena. Alilivuta lile beseni, akamwaga maji yote, akachota mengine, akaanza kuviosha upya vikombe vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa. Akina mama wengine walijifanya wanashughulika na moto. Peres alisimama, akajipangusa mikono kwenye leso yake, asijue mikono hiyo aiweke wapi.

Lornah aliona yote. Hakuelewa.

Shiku alimvuta nyuma ya tangi la maji. "Kwani hujui?" alinong'ona. "Wee, usiseme ni mimi nimekuambia."

"Nisijue nini?"

"Mamako ana ule ugonjwa. Ameonekana kwa foleni ya kliniki, ile ya dawa za Ukimwi. Na si unaona siku hizi yeye huenda mezani wa mwisho kabisa, watu wote wakishakunywa?"

"Basi?"

"Basi nani alikuwa akinywa baada yake?" Shiku alitazama huku na huku. "Mchungaji. Kila Jumapili. Hadi tone la mwisho, alisema mwenyewe. Watu wanasema kikombe ndicho kimemuua."

"Huo ni uongo!"

"Mimi sijui. Mimi nakuambia tu wanavyosema. Na Lornah, hata sisi tutakunywa pale siku Askofu atakapokuja kutupa kipaimara."

Lornah alirudi nyumbani bila kumngoja mama yake. Kilimani, kila lango alilopita lilimkumbusha mtu aliyekuwa akisimama pale. Alijisikia kana kwamba wote waliokuwa nyuma ya malango yale walikuwa wakimtazama na kusema: ndiye huyo, binti wa yule aliyemuua Mchungaji.

Jioni hiyo mama alipika sukuma wiki na ugali. Alikula kidogo. Baadaye akachukua kopo kutoka juu ya kabati, akatoa kidonge, akakimeza kwa maji akiwa amempa Lornah kisogo. Lornah alikuwa ameliona kopo lile mara nyingi na kuambiwa ni dawa za kichwa. Sasa aliliangalia kama mtu anavyoangalia nyoka aliyejikunja darini.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia chumbani mwao. Mama akikohoa, Lornah alishtuka. Mama akimwita aje asukwe nywele, alisema ana kazi ya shule. Walikuwa na vikombe viwili vya bati vya rangi ya samawati vilivyofanana. Lornah alichukua msumari akakwaruza alama chini ya kimoja, na kuanzia hapo hakunywa kwa kingine. Alikiosha kile chake peke yake na kukificha nyuma ya debe la unga. Lakini hata kikombe kile hakikumpa amani. Alikunywa maji akiyaogopa, kisha akajichukia kwa kumwogopa mama yake, kisha akaogopa tena.

Mchungaji alizikwa. Umati ulikuwa mkubwa hata barabara ikafungwa. Peres alisimama mbali, chini ya ukuta, na pande zake zote mbili paliachwa nafasi, ingawa watu walisongamana. Lornah alisimama na wanafunzi wenzake. Alijua angeweza kwenda kuijaza nafasi ile. Miguu haikusogea.

Wiki iliyotangulia sikukuu ya kipaimara, Mzee Makau alikuja kwao. Alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyemsaidia Mchungaji kubeba kikombe Jumapili. Hakuwa mtu mbaya. Wakati baba yake Lornah alipofariki, yeye ndiye aliyetafuta gari la kusafirisha mwili hadi Siaya. Alikataa kiti, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Mama Lornah, nimetumwa," alisema. "Watu wana wasiwasi. Wengine wamesema watoto wao hawatakunywa. Sasa, kwa ajili ya amani, siku ya Askofu, wewe kaa tu kwenye kiti chako. Usije mezani."

Peres alimwangalia usoni. "Ni siku ya mtoto wangu, Mzee."

"Najua."

"Na Jumapili zinazofuata?"

Mzee Makau aliitazama kofia yake. "Tuanze na hiyo moja," akasema, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Mama alifunga mlango. Alienda moja kwa moja nyuma ya debe la unga, akakitoa kile kikombe, akakigeuza na kupitisha kidole juu ya ile alama.

"Nilikiona siku ile ile," alisema kwa upole. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Lornah akaanza kulia. "Ni kweli, Mama?"

"Ni kweli nina virusi. Wewe ulipimwa ulipokuwa mdogo, huna. Nilipaswa kukuambia mapema. Niliogopa utanitazama vile unavyonitazama sasa." Aliketi kitandani. "Aliyenipeleka kupimwa ni Mchungaji Kihara. Alikaa nami kwenye lile benchi la kliniki amevaa kola yake, akisoma gazeti, kila mtu akimwona. Nilimwambia nitaacha kuja mezani ili nisiwatishe watu. Akaniambia, 'Ukiona haya, njoo wa mwisho. Lakini njoo. Atakayekunywa baada yako ni mimi.'"

"Halafu akafa," Lornah alisema.

Maneno yale yalimtoka kabla hajayazuia. Peres alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Kliniki walinifundisha kwamba virusi haviambukizwi kwa kikombe. Nimesikia, nimeelewa. Lakini tangu afariki, Lornah, nikifumba macho naona kile kikombe kinatoka mdomoni mwangu kikienda kwake. Najiuliza, je, kama wamekosea?"

Hilo lilimwogopesha Lornah kuliko yote. Alikuwa amedhani watu wazima wanajua. Sasa aliona kwamba mama yake alikuwa gizani pamoja naye, na kwamba hakuna kati yao aliyethubutu kumuuliza mtu aliyejua Mchungaji alikufa kwa nini.

Kesho yake, baada ya shule, hakuteremka kwenda nyumbani. Alikwenda nyumba ya Mchungaji. Alisimama langoni. Kama jibu lingekuwa ndiyo, angefanyaje? Angerudije kumwambia mama? Aligeuka kuondoka, akageuka tena, akabisha kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

Mama Waringa, mjane wa Mchungaji, alikuwa uani akikunja mashuka yaliyotumika wakati wa matanga. Alikuwa amekonda. Sisi sote tulimwita Mama Mchungaji.

"Karibu, mwanangu. Shika hapa," alisema akimpa ncha mbili za shuka. Walikunja shuka moja. Walipokaribiana kuunganisha ncha, Mama Waringa alimwona usoni. "Ni nini?"

"Mama Mchungaji," Lornah alisema, "mama yangu ndiye aliyemuua Mchungaji?"

Mama Waringa aliacha shuka likaanguka juu ya nyasi.

"Nani kasema hivyo?"

"Wote. Kwa sababu ya kikombe. Kwa sababu alikunywa baada yake."

Mama yule alikaa kwenye ngazi ya jikoni. Kwa kitambo Lornah alidhani amekasirika. Kisha akaona kwamba anajitahidi asilie.

"Keti hapa. Umewahi kumwona Mchungaji akipanda kile kilima?"

"Ndiyo. Alikuwa akisalimia watu kwenye kila lango."

"Alikuwa akipumua, Lornah. Pumzi ilikuwa ikimwisha. Angalisimama katikati ya njia, watu wangalitishika, kwa hiyo alisimama langoni akaanza kuuliza habari za ng'ombe." Alitabasamu kidogo. "Si kwamba salamu zilikuwa za uongo. Akirudi nyumbani aliniambia ng'ombe wa nani anaumwa na mtoto wa nani amefeli. Lakini alisimama kwa sababu ya moyo."

"Moyo?"

"Alipokuwa mtoto kule Limuru aliugua koo mara kwa mara, na hakuna aliyempeleka hospitali. Ugonjwa ule ukashuka mpaka moyoni, ukaharibu vile vilango vinavyopitisha damu. Daktari alimwambia hayo kabla wewe hujazaliwa, kabla hata mama yako hajahamia Kangemi. Akamwambia aache vilima. Akaambiwa apumzike. Wewe ulimjua. Alikuwa mtu wa kupumzika?"

Lornah alikumbuka miguu iliyofura juu ya viatu, na jinsi walivyocheka. "Na kikombe?"

"Kikombe hakikumfanya lolote. Virusi haviambukizwi kwa kikombe, wala sahani, wala kwa kusukwa nywele, wala kwa kukumbatiwa. Alilijua hilo vizuri. Alikwenda kwa daktari wake akauliza kabla hajamwambia mama yako neno lolote. Hakuwa mtu wa kubahatisha." Mama Waringa aliokota shuka, akalikung'uta. "Nilijifungia humu na huzuni yangu. Sikujua kwamba huko nje jina lake limefanywa fimbo ya kumchapia mjane mwenzangu. Nenda nyumbani. Mwambie mama yako ulichosikia. Mwambie pia kwamba Jumapili nitamwona mezani."

Lornah alikimbia mteremko wote. Mama yake alipolisikia neno lile, moyo, alijifunika uso kwa leso, mabega yakitetemeka kwa muda mrefu. Lakini alipoiondoa, alisema, "Mimi na wewe tumejua. Watu je? Nikienda mezani na wao wakainuka wakatoka? Mbele ya Askofu? Siku yako?"



Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa hadi nje. Wasichana walivaa nguo nyeupe na vilemba vyeupe, wavulana mashati meupe. Askofu aliwawekea mikono mmoja mmoja. Kiganja chake kilikuwa kizito na chenye joto, lakini Lornah alisikia baridi mgongoni. Alikuwa akifikiria kiti kilichokuwa karibu na mlango, alikokaa mama yake.

Ushirika ulipoanza, waliobarikiwa waliitwa kwanza. Shiku alisimama akamshika Lornah mkono. "Twende haraka, tuwe mbele," alinong'ona. "Mbele ni salama."

Lornah alisimama pamoja naye. Hatua chache tu zilikuwa zimebaki afike mezani. Aliangalia nyuma. Mama yake alikuwa bado ameketi, macho yake yakiwa chini, kama alivyoagizwa.

"Nenda tu," Lornah alimwambia Shiku, akauachia mkono wake. "Nitakuja."

Alijitenga kando, karibu na nguzo, huku watu wakipita mbele yake, safu baada ya safu. Wengine walimtazama kwa mshangao. Safu ya mwisho ilipopita, alikwenda hadi kwenye kile kiti karibu na mlango.

"Mama, twende."

"Lornah, Mzee alisema..."

"Mchungaji alisema uje."

Peres aliinuka. Walitembea pamoja katikati ya kanisa, na nyimbo zikapungua sauti kana kwamba waimbaji wamesahau maneno. Walipiga magoti, Peres kwanza, Lornah kulia kwake. Askofu aliwapa mkate. Nyuma yake alifuata Mzee Makau na kikombe. Alipofika mbele ya Peres, alisimama. Hakukishusha kikombe. Lornah akasikia mtu nyuma akivuta pumzi.

Ndipo mbao za sakafu zikalia. Mama Waringa alikuwa ametoka kwenye kiti chake cha mbele, amevaa nguo zake nyeusi za msiba. Hakuwa bado amekula Meza ya Bwana. Alipiga magoti kulia kwa Lornah, akatulia, akamwinulia Mzee Makau macho.

"Tunakungoja, Mzee," alisema kwa sauti ndogo.

Mzee Makau akainama, akampa Peres kikombe. Peres akanywa. Mzee Makau alikipangusa kwa kitambaa, akasogea hatua moja. Ukingo wa fedha uliufikia mdomo wa Lornah. Aliogopa, hata baada ya yote aliyoyajua, aliogopa. Akanywa. Divai ilikuwa kali kidogo, tamu kidogo. Kikaenda kwa Mama Waringa, naye akanywa. Kisha Askofu, ambaye hakujua lolote au labda alijua yote, akakichukua kikombe akakimaliza, hadi tone la mwisho, kama alivyokuwa akifanya Mchungaji Kihara.

Baada ya ibada kulikuwa na chai na mandazi nje. Mama Waringa aliwaita wale vijana waliobarikiwa chini ya hema. Mama Shiku na akina mama wengine walisogea, wakijifanya wanapanga sahani. Aliwaambia wote kuhusu moyo wa mume wake, kuhusu koo lake la utotoni, kuhusu miguu iliyofura kwa sababu ya moyo huo, na kuhusu kile kilima. Shiku alilia aliposikia habari ya miguu.

"Mlicheka, naye alicheka. Hakukasirika," Mama Waringa alimwambia. "Koo likiwauma, semeni, mpelekwe kliniki. Hilo ni moja. La pili ni hili. Kanisa zima liliogopa, na kila mtu akamuuliza jirani yake, ambaye naye alikuwa ameogopa. Hakuna aliyekuja kuniuliza mimi niliyemuuguza. Ni mtoto mmoja tu aliyekuja, naye alikuwa akitetemeka. Kuogopa si dhambi, wanangu. Lakini hofu isiyoulizwa huzaa uongo, na uongo humpiga asiye na kosa. Mkiogopa, nendeni kwa anayejua, mkaulize."

Pembeni, Peres alikuwa amechuchumaa tena mbele ya beseni la vikombe. Mama Shiku alimwendea polepole. Hakuvuta beseni. Alichuchumaa upande wa pili, akatia mikono ndani ya maji yale yale, akaanza kusuuza.

"Mama Lornah," Mzee Makau aliita akiwa ameshika birika, bila kuthubutu kumtazama usoni, "nipatie kikombe. Hicho hicho ulichoshika."

Jioni, Lornah aliandaa chai nyumbani. Vile vikombe viwili vya samawati vilikuwa mezani vimejaa. Mama aliuliza kipi ni cha Lornah.

"Sijui," Lornah alisema, na ilikuwa kweli. Hakuwa ameangalia chini. Alichukua kilichokuwa karibu, akanywa.